Madumu ya Maziwa Kwenye Theluji

Mama jirani wa ghorofa ya chini hurudi asubuhi kutoka nyumba ya kutunzia wazee, angali na sare ya kazi, na kabla hajafungua mlango huzunguka uani. Nsimire humtazama kutoka dirisha la juu. Kwenye theluji ya Buffalo, Marekani, yamepangwa madumu ya maziwa aliyoyakata jirani huyo, akayajaza udongo, akapanda lengalenga, mchicha wa kwao, kisha akayafunga kwa selotepu na kuyaacha bila vifuniko ili hewa ipite. Hajawahi kupanda wakati wa baridi, tena mbegu zenyewe ndizo za mwisho alizotumiwa na mama yake kutoka Uvira, Kongo, kabla mama huyo hajafa. Nsimire alipomwambia zitaganda, jirani alijibu tu, "Bon, tutaona." Kila asubuhi huyapangusa theluji kwa mgongo wa mkono, taratibu, kama anayempangusa mgonjwa uso. Kisha huweka kiganja juu ya mdomo wa dumu na kutulia.

Leo Nsimire alimshukia jirani na kikombe cha chai. "Mama, unatafuta nini?"

"Ni vile tunafanyaka kwa wazee, wakilala sana." Akamshika Nsimire mkono, akauweka pale pale. "Sikia. Iko inapumua."

Nsimire hakusikia kitu ila baridi.

"Ndiyo, mama," akasema, na mkono hakuuondoa.