Kaburi la Mama ni Lipi

Kijijini kwetu, karibu na Isikizya, makaburi ni ya wote. Wazee husema waliotangulia kuzikwa pale ni wapagazi waliofia njiani na mizigo ya watu. Hakuna aliyejua dini zao, wakafukiwa pamoja, na kijiji kikaendelea hivyo hivyo. Mwislamu hulazwa kichwa mashariki, Mkristo magharibi, lakini udongo ukisharudishwa, tuta ni tuta.

Baba yangu alikuwa Mmoraviani, mama Mwislamu. Mama alipofariki, baba alikuwa Nzega kuuza ng'ombe. Alirudi wajomba wameshazika. Mimi, binti yao wa pekee, nilibaki nyumbani na wanawake, maana kwa upande wa mama wanawake hawaendi kuzika. Tangu hapo baba ndiye aliyekuwa akienda na jembe kupalilia. Hakuna aliyemuuliza anapalilia wapi.

Mwaka jana baba naye akaondoka, na wasia wake ulikuwa mmoja tu: azikwe ubavuni mwa mama. Asubuhi ya kuchimba, mdogo wake akaniita makaburini.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Haya mwanangu, tuoneshe kaburi la mama yako. Watu wameshika majembe."

"Nioneshe mimi? Kwani wewe hulijui?"

"Miaka ile nilikuwa naishi Igunga. Na wajomba zako wote wamekwisha."

Nilichanganyikiwa, na hasira zikanipanda. Mwenye kujua ndiye huyo tunayemzika! Nikatafuta palipopaliliwa, nikakuta matuta mawili, yote safi, yote hayana jina. Nikalizunguka la kwanza, nikalizunguka la pili, nikalirudia la kwanza kama mtu aliyepotelewa na kuku. Nilitamani kumwamsha baba nimgombeze.

"Lipi sasa?" baba mdogo akauliza.

Hapo ndipo nilipotazama katikati. Kati ya matuta yale palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, nayo imepaliliwa, haina hata jani. Kumbe miaka yote ile baba naye hakujua.

"Chimbeni hapo," nikasema, kisha nikaangua kilio.

Siku hizi jembe ninalo mimi. Napalilia yote matatu. Nikimaliza, nasema, "Shikamoo, mama," upande huu, halafu naugeukia ule, nasema tena.