Ulimi wa Salma

Kasha la Bi Nuru lilishuka ngazi likigonga kipandio kimoja kimoja. Nilikuwa na miaka kumi, nimesimama uani, nikahesabu mapigo kumi na tisa, kwa sababu hata nikiogopa nilikuwa mtu wa kuhesabu. Ilikuwa baada ya sala ya alasiri, mwanzoni mwa miaka ya sabini, katika nyumba yetu ya Kiponda, mjini Unguja, iliyonuka chokaa yenye unyevu na mafuta ya taa. Nyuma ya kasha alifuata Bi Nuru mwenyewe, mke wa Ami Seif, mdogo wake baba. Nyuma yake alikuja binti yao Salma, mwenye miaka saba, aliyekuwa hafungui kinywa tangu jana yake. Walikuwa wanarudishwa kwao shamba, Mkokotoni. Aliyewafukuza ni mimi, na silaha yangu ilikuwa somo la sayansi.

Wiki ile mwalimu alituandikia ubaoni kwamba uwezo wa kukunja ulimi kama mfereji hurithiwa: mwenye kuweza lazima awe na mzazi anayeweza. Neno "lazima" alilipigia mstari. Mpaka leo nauchukia mstari ule. Alikuwa amelisoma jambo hilo mahali, akalipunguza mpaka likaenea katika kipindi kimoja, kisha akatuachia twende nalo nyumbani bila onyo lolote, kama mtu anayempa mtoto kiberiti kwa sababu kasha lake lina picha nzuri. Nami nilikuwa nimekwisha kuharibiwa na sinema za Kihindi. Humo mama humtambua mwanawe aliyepotea kwa baka moja la begani, ukumbi mzima ukalia, wala hakuna anayeuliza ni watu wangapi wengine wana baka kama lile. Nilidhani damu husema hivyo: kwa alama moja, mbele ya watu, na muziki juu yake.

Basi nikawapanga watu wa nyumbani uani, nikawakagua ndimi na kuandika daftarini. Salma aliukunja wake kwa furaha. Mama yake hakuweza. Ami Seif alitoa ulimi bapa, huku akicheka. Nikasoma matokeo kwa sauti. Shangazi, dada mkubwa wa baba na Ami, ambaye hakuwahi kumsamehe Bi Nuru kwa kutoka shamba, aliacha kuchambua mchele.

"Rudia, mwanangu."

Nikarudia, vizuri zaidi.

"Nshasema mie miaka yote, mtoto huyu hana sura ya kwetu. Leo kasema msomi."

"Mbuzi hutazamwa meno, wifi," Bi Nuru akamjibu. "Nyie mwanangu mnamtazama ulimi?"

Hakuna aliyecheka. Ami alilichukua daftari langu, akalisoma akiwa amesimama, kisha akalisoma tena. Kufika magharibi watoto wa mtaa walikuwa wanapiga kelele chini ya dirisha: "Salma, toa ulimi tumjue babako!" Asubuhi Ami akatoa talaka.

Baadaye nilisomea elimu ya jenetiki. Watu huwaeleza kwamba niliipenda. Nadhani nilikuwa natafuta mtu wa kunithibitishia kwamba siku ile nilisema kweli. Miaka kumi na sita baada ya kasha lile, nikiwa mwanafunzi wa uzamili Dar es Salaam, mhadhiri aliutaja ulimi kwa mzaha: pacha wa yai moja, mmoja hukunja na mwenziwe hawezi, wengine hujifunza kwa mazoezi tu. Darasa likacheka. Mimi nilitoka nje. Ndani ya mkoba nilikuwa na barua ya mama: Salma ataolewa Ijumaa huko Mkokotoni, na Ami amekataa kuwa walii wake wa ndoa. Kadhi angeweza kumwoza, lakini Salma hamtaki kadhi, anamtaka babake. Sasa nina darubini na maabara, na kila sentensi ninayoandika naitilia shaka mara tatu. Mtoto yule alikuwa na daftari tu, na hakuwa na shaka hata moja. Ningepewa nafasi ya kumzaba kofi, ningemzaba.

Siku tatu niliandika na kufuta nitakayosema. Jumatano nikapiga simu.

"Shikamoo, Ami."

"Marahaba."

Nikasoma kutoka karatasini: pacha, mazoezi, kosa la mwalimu, kosa langu. Hakunikatiza.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Kwamba mtu hujifunza. Walipoondoka nlikaa mbele ya kioo mwezi mzima. Ukakunjika."

Nikaiweka karatasi chini. Miaka yote hiyo ushahidi ulikuwa kinywani mwake; alikula nao, akasali nao, akanyamaza nao, kwa sababu kukiri kungemwaibisha mbele ya dada yake. Nilitaka kumtukana kwa mpangilio, hoja moja baada ya nyingine.

"Gari za Mkokotoni zinaondoka asubuhi," nikasema. "Ndoa ni keshokutwa, na Salma anakungoja wewe umwoze."



"Ami!" nikamwita, kwa ukali ambao sikulelewa nao.

"Naam," akaitika, kama mtoto aliyeitwa na mkubwa wake.