Ukutani Kabisa

Banda langu lilikuwa la ng'ombe. Arobaini na wawili, kila mmoja na jina lake kwa chaki juu ya hori. Siku hizi kila Oktoba linajaa magari-nyumba meupe, yenye kitanda na jiko ndani, ya watu wanaozurura kiangazi kizima na kuyaficha baridi inapobisha. Ng'ombe akiumwa anakutazama. Gari halikutazami. Lakini ndiyo kazi iliyobaki.

Foelke Rademaker na mumewe Habbo walileta lao miaka kumi na tisa. Habbo alikufa Februari. Vuli ile Foelke alikuja na mwanawe Renko, aliyetoka mjini Bremen, alisema, kumsaidia mama kuliandaa gari.

Niliwakaribisha chai kwanza. Kwetu hata adui hunywa vikombe vitatu. Ukitosheka unaweka kijiko ndani ya kikombe; bila hicho, mwenyeji haachi kumimina. Renko alikunywa kimoja, akatumbukiza kijiko, akatoka na simu kupiga picha.

Foelke alimfuata kwa macho dirishani. Alipeleka barua kwa baiskeli miaka thelathini, na kwa jinsi mtu alivyopokea bahasha alijua kama ndani kuna msiba au posa.

"Anapiga picha za nini?" akauliza.

"Kumbukumbu, labda."

"Kumbukumbu za magurudumu?"

Tukatoka. Renko alikuwa amelisugua gari likang'aa kama la arusi. Ndani, magodoro yalilazwa vizuri na mlango wa friji ulifungwa. Habbo alikuwa akisimamisha magodoro kwa ubavu yapate hewa, na friji akiiacha wazi isiote ukungu.

"Maji umeyatoa?" Foelke akauliza. "Kwenye tangi, na kwenye mtungi wa kupashia moto?"

"Ya nini, Mama? Baridi kali haiji kabla ya Desemba."

"Na Desemba ikija?"

Renko akacheka. "Mama nawe, una maswali kama polisi. Kadi ya gari iko wapi? Nikuhifadhie."

"Iko inapokaa."

Renko alipokwenda kunawa, Foelke alinishika mkono wa koti. "Eilt, magari umeshayapanga?"

"Bado. Yanaanza kuingia kesho."

"Basi la kwanza ni langu. Ukutani kabisa."

"La kwanza kuingia ni la mwisho kutoka. Habbo alitaka mlangoni siku zote."

"Habbo hakuwa na mtu wa kumkimbia. Aprili nakwenda Denmark, kule tulikokwenda naye."

"Wewe uendeshe?"

"Ulidhani nani aliendesha yeye akikoroma?"

Nilimshuku na yeye, sifichi. Mjane akikunong'oneza uani kwako, jiulize anakutumia kwa nini. Huenda kijana alikuwa na nia safi na mama ndiye aliyepotewa na akili. Zamani ugomvi wa nyumba ulisemwa mezani, mbele ya mchungaji ikibidi. Sasa unasemwa bandani kwa mwenye kukodisha nafasi. Lakini ule mtungi uliojaa maji ulinikaa rohoni. Hakuna mwana wa huku asiyejua kwamba barafu huupasua. Huacha maji humo yule tu asiyetarajia gari kuwa la kwao tena Januari.

Renko alipoondoka, tulifanya kazi upya. Tukamwaga maji yote, mabomba tukayaacha wazi nusu, kati ya moto na baridi, kama alivyofanya Habbo. Tukajaza magurudumu upepo. Foelke akaweka bakuli la chumvi sakafuni linyonye unyevu. Kisha akalirudisha gari nyuma mwenyewe mpaka ukutani, bila kuniuliza kama nafasi inatosha, na hapo tukatoa betri.

Wiki ya tatu ya Novemba Renko alirudi na trela la kubebea magari na bwana mmoja mwenye viatu vyeupe.

"Mzee Eilt, tumekuja kulichukua la Mama."

Nikafungua mlango. Magari kumi na moja yalisimama katikati, hayana betri, na wenyewe wengi walikuwa wamelifuata joto Hispania.

"Nani kaliweka kule?"

"Mwenye gari."

"Mama hajui anachofanya siku hizi!"

"Chumvi aliikumbuka. Maji aliyakumbuka. Wewe ulikumbuka nini?"

Yule bwana akamgeukia. "Renko, si uliniambia mama yako amekubali kuuza?"

Renko alitazama viatu vya mwenzake vilivyokwisha kuzama kwenye tope langu. Niliwaambia warudi Aprili, nikafunga.

Aprili mengine yakatoka, mlangoni kwenda ndani, hadi likabaki moja. Foelke alikuja na kofia ya Habbo kichwani. Alikunywa vikombe vyote vitatu bila haraka, tukarudisha betri, akapanda, akawasha, na wakati wa kutoka akaukwangua mwimo wa mlango pale pale ng'ombe walipojisugulia miaka arobaini. Nilipiga kelele. Akashusha kioo.

"Renko akija kuniulizia, mpe chai," akasema. "Kijiko usimpe."