Zamu Yangu ya Kushuka Kuzimu

Niliwahi kuamini, kwa moyo wangu wote na kwa diploma yangu ya masomo ya jioni, kwamba mtu akichomwa dawa ya usingizi ili apasuliwe, anakufa kabisa. Si kulala, kufa. Anashuka chini, anapokewa, anaonyeshwa mahali pake pa kukaa. Akiamka, ujue wenye huko wamemwachilia kwa sharti moja: kabla mwezi haujaisha, mtu mwingine wa nyumba yake aende kushika nafasi aliyoiacha wazi. Uvumi huo ulizaliwa kwenye bomba la maji la Mulongwe, ambako akina mama husubiri zamu na madumu yao, na pale bombani hakuna habari inayokosa shahidi. Huyu alikuwa na mjomba, yule alikuwa na jirani. Mgonjwa alitoka hospitalini mzima, na wiki mbili baadaye akafa shemeji yake, mtu mwenye afya ya ng'ombe dume. Sasa hapo utabisha nini?

Wengine waliusikia wakacheka. Mimi nilishindwa kucheka kwa sababu nilikuwa nimesoma.

Nilimaliza sekondari nikiwa mtu mzima mwenye mke na ndevu, baada ya miaka ya kukaa kila jioni kwenye benchi lililotengenezwa kwa ajili ya watoto wa miaka tisa. Katika daftari langu la historia kulikuwa na ukurasa mmoja na nusu juu ya Wasumeri, watu wa zamani sana walioishi kati ya mito miwili na kuandika juu ya udongo. Masomo mengine niliyasahau kabla wino haujakauka. Huo ukurasa mmoja na nusu uliniganda kichwani kama kupe.

Wasumeri walikuwa na mungu mwanamke, malkia wa mbinguni, aliyetaka kushuka kuzimu. Kuzimu kuna malango saba. Lango kwa lango, bawabu alimvua kitu kimoja: taji, shanga, bangili, mpaka akafika chini bila kitu, wakamwua, wakamtundika kwenye ndoano. Baada ya siku tatu walitumwa watu kumrushia maji ya uzima, akafufuka. Lakini sheria ya kule ni ngumu kuliko ya mpakani: hatoki mtu bila kuacha mbadala. Akapanda juu akifuatana na maaskari wa kuzimu, wakitafuta nani wa kumchukua. Kila waliyemkuta analia na kujipaka vumbi kwa ajili yake, malkia alimsamehe. Mwishowe wakamkuta mume wake. Amevaa nguo nzuri. Amekaa kwenye kiti cha enzi. Hana hata chozi. Malkia akamkazia macho, akasema: mchukueni huyu.

Sasa, mtaani kwetu Kasenga rafiki yangu kinyozi alikuwa na televisheni kubwa kama mlango wa kanisa, na kila wiki mfanyabiashara mmoja alimletea kutoka Bujumbura, ng'ambo ya mpaka, ufunguo wa USB wenye filamu ya mfululizo, ile ya wafalme, wachawi na majoka yanayosema. Filamu ilikuwa kwa Kifaransa, na Kifaransa hicho kilikuwa cha haraka. Katika mtaa mzima ni mimi peke yangu niliyeweza kukifuata. Kwa hiyo nikawa mfasiri, na mfasiri hakai kwenye benchi. Kinyozi alinipa kiti chake cha kazi, kile kinachopanda na kushuka, chenye mikono ya chuma. Nikakaa hapo juu, watu kama elfu moja wakinitazama mdomoni. Basi, tuseme walikuwa ishirini.

Mfululizo ulipokaribia mwisho, malkia wa filamu akaamua kuingia kwenye shimo chini ya mlima kumtafuta ndugu yake aliyekufa. Kwenye mlango wa kwanza akavuliwa taji. Niliruka kitini.

"Hii naijua!" nikapiga kelele. "Milango itakuwa saba!"

"Acha uongo, profeseri wa jioni," kinyozi akasema, mashine ikiwa katikati ya kichwa cha mteja aliyekaa benchini.

Wiki iliyofuata, milango ikawa saba. Wiki iliyofuata tena, akatundikwa. Mtaa ukaanza kunisalimia kwa heshima. Kuna mama mmoja aliyeniuliza kama mvua itanyesha Jumamosi.

"Basi tuambie," kinyozi akasema. "Ule malkia atatoka?"

"Atatoka. Lakini mutu mumoja ataingia pa fasi yake."

"Nani?"

"Bwana yake."

"Bwana yake amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Njo kosa lake hilo. Bibi amekufa, yeye anavaa vizuri na anakaa kwa kiti."

Wanaume wote waliokuwa pale walicheka mpaka kinyozi akaharibu kichwa cha mteja. Mimi nilicheka kuliko wote.

Siku chache baadaye mke wangu alishikwa na tumbo. Alijikunja mkekani asubuhi, na kabla ya saa sita tulikuwa hospitalini, daktari akisema ni apendisiti, apasuliwe leo leo. Nilitembea kando ya kitanda chake cha magurudumu. Kwenye mlango wa kwanza walisema avue viatu. Kwenye wa pili, kitambaa cha kichwa. Kisha hereni. Kisha bangili. Kisha kitenge, wakamvika kile kishuka cha kijani. Vyote walikuwa wakinitupia mikononi. Kwenye mlango wa mwisho nesi akamvua pete yangu ya ndoa kwa sabuni, akaniambia, "Baba, wewe bakia hapa." Nilihesabu milango saba. Kama ilikuwa mitano, hofu ndiyo iliyojenga ile miwili.

Nilisimama nikiwa nimeukumbatia mzigo wa nguo za mke wangu, na kwa mara ya kwanza ule ukurasa mmoja na nusu haukunifurahisha. Walipomtoa, alikuwa hajitambui, midomo mikavu, na juu yake, kwenye ndoano, ndoano kabisa ya chuma, walitundika chupa ya serumu iliyomdondokea maji tone kwa tone. Maji ya uzima. Akafumbua macho.

Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kimoyomoyo nilijiuliza: sasa nani?

Ningepaswa kukaa karibu naye siku zote zile. Lakini mlinzi wa mgonjwa, wa kumuuguza usiku na mchana, alikuwa mama-mkwe wangu, na kwetu mkwe hakai chumba kimoja na mama-mkwe wake, wala hali mbele yake, wala hamtazami usoni. Kwa hiyo kila asubuhi nilivaa suti yangu ya kanisani, maana huwezi kumkaribia mama-mkwe umevaa ovyo, nikapeleka uji, nikaweka kikapu mlangoni, nikakohoa, nikaondoka. Na nikiondoka, niende wapi? Nyumba ilikuwa kimya mno. Nilikwenda kwa kinyozi kwa sababu kule kulikuwa na makelele, na mtu akipigiwa makelele hawezi kuwaza vizuri.

Siku ya nne kinyozi aliweka epizodi ya pili kutoka mwisho. Nilikuwa kwenye kiti, suti imenyooka, mguu mmoja juu ya mwingine, nikifasiri. Simu yangu ilikuwa imezimika. Ningejuaje kwamba wamemruhusu? Teksi ikasimama mbele ya mlango wa kinyozi, pale inapoanzia njia ya miguu ya kwenda kwangu. Mbele wanaume wawili, dereva na abiria asiyecheka. Nyuma mama-mkwe, na kando yake mke wangu.

Alikuwa mweupe kama majivu. Alinitazama. Kisha akainua mkono polepole sana na kuuelekeza kwangu.

Nikaona nguo nzuri. Nikaona kiti. Nikaona wale wawili wa mbele wanafungua mlango wa teksi.

Kumbukumbu yangu inayofuata ni mlango wa nyuma wa kinyozi, ambao siku hizi hauna bawaba. Nilikimbia kwa kasi ambayo pikipiki zilinipisha, mpaka nikakumbuka kwamba pikipiki huwa zinabeba watu, nikapanda moja na kumwambia dereva: Runingu. Huko kwenye tambarare ya Ruzizi aliolewa dada yangu mkubwa. Tulipopita daraja ndipo nikakumbuka kwamba hata yule mume wa malkia wa Wasumeri alikimbilia kwa dada yake.

Dada alinikuta nimejibana nyuma ya ghala lake, suti imejaa vumbi.

"Kuna nini? Bibi yako amekufa?"

"Yaya, dada yangu, alikufa. Akarudi. Sasa ni zamu yangu."

Nilimweleza yote, malango, ndoano, maji, teksi. Alinisikiliza akipepeta mpunga.

"Na ule dada wa yule bwana," akauliza, "alifanya nini?"

"Aliwaomba wagawane. Miezi sita akae yeye kule chini, miezi sita kaka yake."

Ungo ukasimama. "Njo umenikujia kwa hiyo?"

"Hapana, yaya..."

"Miezi sita ya mvua ao ya kiangazi? Kwa maana kwa mvua minye niko na mpunga wangu. Kama ni kiangazi, tunaweza kusemezana."

Akacheka hadi akashika mbavu. Mimi sikucheka. Nilikaa kwake siku tisa, na sijawahi kuogopa hivyo, hata miaka ile tuliyolala chini ya vitanda tukisikiliza risasi, kwa sababu risasi ina upande inakotokea. Kila vumbi barabarani lilikuwa maaskari wa kuzimu. Siku moja mtu mgeni aliuliza njia ya kwenda Sange, nami nilipanda juu ya ghala na kukaa huko mpaka jua likageuka. Nililala nikiwaza mikono ya watu nisiowajua ikinivua kitu kimoja kimoja. Tena, nitasema ukweli kwa kuwa ni kumbukumbu zangu: nilianza kutafuta mtu mwingine wa kwenda. Nilimfikiria mama-mkwe, ambaye amekula chumvi nyingi. Mungu anisamehe, nilimfikiria kwa muda mrefu.

Siku ya tisa simu ya dada ikalia. Alikuwa kinyozi, aliyekuwa amekisia nilikokimbilia.

"Profeseri! Jana tumeona mwisho. Umekosa!"

"Nani alifasiri?"

"Hakuna mutu. Tuliona na macho. Malkia ametoka ku shimo, amefika kwake, amekaa, wamemuletea chakula. Basi. Imeisha."

"Na bwana yake?"

"Hata hawakumuonyesha. Nafikiri walimusahau."

"Haiwezekani. Kuna kipande kimekatika pa mpaka. Angalia vizuri kwa USB!"

"Weye, hakuna kipande. Kwani unalia?"

Dada akanipokonya simu. "Kinyozi, sikia. Bibi yake iko namna gani?"

Nilimsikia kinyozi akijibu kwamba hajambo, ila daktari alimkataza kubeba kitu chochote, kwa hiyo majirani wanapokezana kumchotea maji, na mama-mkwe mzee anapika peke yake, akipuliza moto na kukohoa. Dada hakucheka tena. Alikata simu, akanitupia koti langu.

"Unaogopa kufa," akasema, "na bibi yako anachotewa maji na batu? Vaa. Twende."

Alinipakia kwenye pikipiki, yeye nyuma yangu, akiwa amenishika ukosi njia nzima hadi Kasenga kama mwizi wa kuku. Tulipofika nilikohoa uani. Mama-mkwe akaingia ndani, kama inavyopasa. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni, mkono juu ya tumbo. Nilipiga magoti mbele yake, nikamwambia yote, kuanzia bombani Mulongwe hadi Wasumeri na ule mkono alioniinulia kutoka kwenye teksi. Nikamwomba, kama bado jina langu halijatajwa kule chini, aniombee.

Alitaka kucheka, akauma mdomo.

"Usinichekeshe, mshono unauma," akasema. Kisha uso wake ukawa mzito. "Baba, minye sikukufa. Walinichoma dawa, nikalala. Ule nesi aliniambia alikaa pembeni yangu akihesabu moyo mpaka nikaamka, na haukusimama hata mara moja. Hakuna fasi yangu iko wazi kule chini, na hakuna mutu anakutafuta. Siku ile nilikunyooshea mukono kwa sababu tumbo ilikuwa inaniuma sana, na nilitaka weye njo unishike nishuke ku gari."