Niliandika Amefika

Uongo mkubwa kuliko wote niliowahi kusema niliuandika kwa neno moja: "Amefika."

Niliyemsemea hivyo ni kaka yangu. Wakati huo alikuwa chini korongoni, mguu umevunjika.

Tulieni niwasimulie.

Kaka ni fundi mwashi, na ndiye aliyenilea. Miaka thelathini ya zege imemmaliza magoti. Siku moja akaniambia, "Mdogo wangu, kabla haya magoti hayajanigomea kabisa, twende tukatembee ile njia ndefu ya milimani."

Siku tatu za kwanza zilikuwa nyepesi. Ya nne ndiyo iliyotutoa jasho. Kilomita ishirini na mbili za mawe matupu, na inaendwa upande mmoja tu. Njia ni nyembamba, watu hawapishani, kwa hiyo ukishavuka kilele hakuna kurudi.

Halafu kuna sheria: mkitoka wawili, mnafika wawili. Ukimwacha mwenzako, safari yako imeishia hapo. Kwenye kibanda cha mwisho kuna daftari. Ikigonga saa kumi na jina lako halijaandikiwa "amefika", mlinzi anatoka na watu wake kukutafuta.

Kaka alitembea kama anapima ukuta. Hatua mbili, anasimama, anashika goti.

"Kaka, kwa mwendo huu tutafika na mvi."

"Mwenda pole hajikwai."

"Sawa, ila anakuta chai imepoa."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na njaa, na hasira zimenikaba. Nikamwambia natangulia kidogo. Kidogo ikawa saa mbili nzima.

Njiani upepo ukanipokonya kofia, ikanasa kichakani, pembeni kabisa mwa korongo. Nikaona uvivu kuifuata.

Saa tisa na nusu nikafika kibandani. Mlinzi, mama mmoja asiye na maneno mengi, akanisogezea daftari.

"Mwenzako?"

"Yuko hapo nyuma, anafunga kamba za viatu."

Akaenda kubandika chai. Nikaandika kwangu, amefika. Nikaandika na kwa kaka, amefika. Si anakuja tu?

Saa kumi ikapita. Hakuna aliyetoka, maana daftari lilikuwa limekamilika.

Saa kumi na moja mlinzi akasimama mlangoni, akaitazama njia, kisha akanitazama mimi.

"Kamba gani hizo za viatu?"

Nikalia. Mtu mzima na ndevu zangu, nililia.

Hakunitukana. Bora angenitukana. Akapuliza filimbi, watu wake wakabeba machela, tukairudi ile njia kinyume.

Tulimkuta chini ya korongo, mguu umepinda, midomo imekauka. Mkononi ameshika kofia yangu.

Aliiona pale kichakani akadhani nimeanguka. Akashuka kunitafuta, na magoti yale yale.

Mlinzi alipomgusa bega, hata mguu hakuutaja. Aliuliza, "Mdogo wangu mmempata?"

Siku hizi anatembelea fimbo. Zege hashiki tena. Habari za daftari hajawahi kuniuliza, na mimi sijawahi kumwambia. Leo atajua, kwa sababu kila ninachoandika humu anasoma.

Kaka, nisamehe.

Na nyie wengine, kama mwenzako bado yuko njiani, usimsemee kwamba amefika. Msubiri. Chai ikipoa hupashwa.