Kigari Kilichokataa Kona

Aliyefundishwa na Breki haisahau ile sauti, maana yule bwana hakuwa akifundisha, alikuwa akigomba. "Breki kwanza! Kona baadaye! Unataka kufanya vyote pamoja, kwani una haraka ya kwenda kuzikwa?" Ndiyo maana wakamwita Breki, jina lake halisi likabaki nyumbani. Alikuwa fundi na mwalimu kwenye uwanja wa vigari vya mbio, vile vidogo ambavyo watu wazima hulipa kuviendesha mwisho wa wiki, halafu Jumatatu wanaingia kazini wameshika mbavu na hawasemi kwa nini.

Vigari vyote alivitengeneza, lakini cha bluu kilikuwa chake. Kiti chake alikikata mwenyewe kwa kipimo cha mwili wake, na kila asubuhi kabla ya wateja kufika alikizungusha uwanjani, akirudi ana uso wa mtu aliyekunywa chai nzuri.

Basi asubuhi moja cha bluu kikakataa kona, ile ya nyuma ya vyoo. Breki alikanyaga mapema, akaachia, akageuza usukani. Kigari kikaenda moja kwa moja, puu, kwenye matairi ya ukingoni. Akashuka akakitukana, na kutukana alikuwa anajua.

Lazima niwaambie jambo moja kuhusu vigari hivi. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye ekseli moja na yanazunguka pamoja, yapende yasipende. Kwenye kona, gurudumu la nje linataka kukimbia, la ndani linataka kwenda taratibu, na yasipoelewana kigari hakipindi. Dawa yake ni la ndani linyanyuke kidogo, liguse hewa. Na linanyanyuliwa na usukani pamoja na uzito wa dereva, anayelikalia gurudumu la nje kama mtu anayekalia sanduku lisilofungika. Breki aliwaimbia wanafunzi wake hayo kila siku.

Akaanza kukitafutia ugonjwa. Alishuku ekseli, akabadilisha. Akashuku tairi, akaongeza upepo, akapunguza, akaongeza tena. Alipima fremu kwa kamba akiwa amepiga magoti kwenye saruji, jasho likimtoka isivyo kawaida. Wapi! Kona ile ile, matairi yale yale. Na cha ajabu, penye njia iliyonyooka kigari kilikimbia kuliko zamani. "Injini imefufuka!" akajisifu. Masikini, alifurahi kweli.

Nyumbani sahani yake ilirudi jikoni karibu kama ilivyotoka. Mkewe alikuwa amechoka kusema.

"Baba watoto, twende hospitali wakakupime."

"Wanipime nini? Mgonjwa ni kigari."

"Mficha maradhi..." mkewe alianza, akanyamaza. Methali ile inajulikana inakoishia, na mke gani ataimalizia mbele ya mumewe?

"Kigari kikipona nitakwenda," Breki akasema. "Nimekuahidi."

Basi mama wa watu akabaki na lile aliloliweza. Mumewe akiingia kuoga, yeye huchukua suruali ya kazi akaipunguza kiuno, kidogo tu, isije ikamvuka mbele za watu wakamcheka. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Lakini mapenzi nayo, jamani, wakati mwingine humfunga mtu macho.

Pale uwanjani kulikuwa na dada wa helmeti. Kazi yake kugawa helmeti na kupima wateja uzito, kwa sababu wepesi hufungiwa vyuma nyuma ya kiti ili wasiwapite wazito kwa dhuluma. Alimtazama Breki akifungua usukani kwa mara nyingine, akashindwa kujizuia.

"Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Fundi, hebu panda mizani."

"Mimi? Kwani mimi mteja?" Breki akacheka, naye akacheka, ikapita.

Haikupita. Jioni, wateja wakiwa wameondoka, aliingia kwenye kigari kukaza bolti za kiti. Akaona kiganja chake kinaingia chote kati ya nyonga na kiti. Zamani hata kidole kilikuwa hakipiti. "Kiti kimepanuka," akasema kwa sauti, na hapo hapo akajua amesema upuuzi.

Akaenda kuchukua vile vyuma vya wateja wepesi, akavifunga nyuma ya kiti, akavaa helmeti, akatoka. Akafika kona ya vyoo. Breki kwanza. Akageuza, akaegemea nje, gurudumu la ndani likanyanyuka, na kigari kikapinda laini kama zamani.

"Kimepona, fundi!" dada wa helmeti akapiga makofi. "Hongera!"

Breki hakusimama. Alizunguka, akazunguka, na kila kilipopinda kona vizuri, moyo wake ulizidi kuingia baridi. Mafuta yakaisha upande wa mbali. Akabaki amekaa humo humo na helmeti kichwani, maana ndani ya helmeti mtu hulia bila kuonekana.

Alipofika nyumbani alivua suruali, akageuza kiuno nje. Mishono ilikuwa mstari juu ya mstari, mingine kwa uzi mweusi, mingine kwa uzi wa sare za shule za watoto. Mkewe alisimama mlangoni.

"Mbona hukuniambia?" Breki akamuuliza.

"Nilikuambia. Ukasema mgonjwa ni kigari."

Breki aliikunja suruali taratibu, akaiweka kitandani.

"Kigari kimepona," akasema.

Maneno hayo mkewe alikuwa ameyangojea kwa muda mrefu, na alipoyasikia akakaa chini pale pale mlangoni.