Koti la Mzee Kamau Ufukweni

Niliondoka mtaani kwetu Jericho kwa sababu ya injini. Stavro, Mgiriki mwenye gereji niliyofanyia kazi, alikuwa na mashua ya babake iliyokufa injini huko kisiwani kwao, na mafundi wa kwao, alisema, walikuwa wajuaji kupita kiasi. Mama akawatangazia akina mama wote wa kanisa. Majirani wakacheka, wakasema nafika Thika tu, hapo karibu.

"Niletee picha ukiwa na bahari," Mama akaniambia. "Usiniaibishe mbele ya hawa watu."

Jirani yetu Mzee Kamau akaniazima koti lake la harusi, maana Jericho haiendi ng'ambo na shati tupu.

Siku ya nne kisiwani, injini ilinguruma. Kwa shukrani, Stavro akanipeleka kwenye ghuba ndogo ambayo, kwa maelezo yake, hakuna mtu anayeifikia. Nilielewa sababu. Njia iliishia kwenye zizi la mbuzi. Kutoka hapo tuliteremka jabali kwa makalio, mimi na koti, tai na viatu nilivyopiga rangi asubuhi.

"Vua hilo koti, utakufa na joto!" Stavro akasema.

"Koti ndilo limekuja kupigwa picha, bosi. Mimi nimelisindikiza tu."

Saa saba mchana tukafika. Maji yalikuwa ya buluu hata nikasahau joto la koti. Pale pasipofikika palikuwa na Wazungu kama ishirini, wazee kwa vijana, wote uchi kama walivyozaliwa. Wakanikodolea macho. Kumbe mimi ndiye niliyevaa vibaya.

Filamu ya kamera aliyobeba Stavro ilikuwa imebakiza picha moja. Kila niliposimama, bahari nyuma yangu ilikuwa na makalio. Nikaifikiria picha hiyo ukutani kwa Mama, na akina mama wa kanisa chini yake na vikombe vyao vya chai. Iliniuma sana, lakini nikaenda kuegemea mwamba, uso nikiuelekeza baharini.

"Piga," nikasema.

Nyumbani, majirani walijaa sebuleni. Mzee Kamau akaishika picha, akaisogeza dirishani.

"Si haya ni machimbo ya mawe kule Dandora? Na koti langu umelijaza vumbi!"

Kicheko chao kilimchoma Mama, nikaliona hilo usoni mwake. Ndipo nikajua kwamba kushuka jabali ni rahisi kuliko kuaminiwa na jirani.

Walipotoka nikamweleza yote, hadi yale makalio. Alicheka mpaka akaketi. Kisha akaitundika picha mahali pa heshima. Hadi leo, mgeni akiuliza bahari iko wapi, Mama humjibu bila kupepesa jicho: "Alikuwa anaitazama."